Upanga wa Plastiki na Tofali Lisilo na Mwenyewe

Luvungi, mashariki mwa Kongo, ipo kando ya Barabara ya Taifa namba 5, ile inayoteremka kutoka Bukavu, ikapita Kamanyola na kuambaa na mto Ruzizi kuelekea Uvira. Tofali hapa si kitu kigeni: udongo hukandwa, hupigwa kwenye kibao, huanikwa juani, na mwenye kuni za kutosha hulichoma. Tofali la plastiki, lile la watoto (na la baba zao, wasipotazamwa), huja kwa njia ndefu zaidi. Hutoka viwanda vya China, likashuka melini Dar es Salaam, kisha likavuka ziwa Tanganyika hadi bandari ya Kalundu au likapakiwa lori la kupitia Bujumbura.

Tuseme boksi lililofika lina vipande vya upanga wa Link, shujaa wa mchezo wa video wa The Legend of Zelda. Nintendo ilianza kuuza mchezo huo Japani mwaka 1986, na upanga wenyewe, Master Sword, ukaingia katika mchezo wa 1991. Boksi halina jina la LEGO popote. Jirani ataligeuza huku na huku, atafute jina, asilione, kisha aseme: feki hii. Hapo ndipo ninapobisha, maana tofali la LEGO nalo lina ukoo wake.

Ukoo huo unaanzia Uingereza. Mwaka 1947 Hilary Fisher Page, mwenye kampuni ya Kiddicraft, alianza kuuza matofali ya plastiki yenye vinundu juu na uwazi chini, yanayopandana. Wakati huohuo Ole Kirk Christiansen, mwanzilishi wa LEGO na seremala wa kijiji cha Billund nchini Denmark aliyekuwa akitengeneza vitu vya kuchezea vya mbao, alikuwa amenunua mashine ya kushindilia plastiki kwenye kalibu. Sampuli za Kiddicraft zikamfikia mkononi. Mwaka 1949 akatoa matofali yake, yaliyobadilishwa kidogo tu. Page alifariki mwaka 1957, kabla matofali ya Billund hayajaanza kuuzwa kwao Uingereza.

Uvumbuzi wa kweli wa Wadenmark ulikuja baadaye. Matofali ya mwanzo yalipandana lakini hayakushikana sawasawa. Ukiinua mnara, unabaki na nusu yake. Tarehe 28 Januari 1958 Godtfred, mwana wa Ole Kirk, aliomba hataza ya tofali lenye mirija ndani yake. Vinundu vya tofali la chini hubanwa kati ya mirija hiyo na kuta za tofali la juu, na matofali hayo mawili hayaachani mpaka uyavute. Mwaka 1963 plastiki ya awali ikaachwa, ikachukuliwa ABS, ngumu na isiyopinda. Na mwaka 1981 kampuni ikanunua haki zilizobaki za Kiddicraft. Nyumba ya seremala ililipa, ingawa kwa kuchelewa.

Hataza ina umri wake, na za LEGO zilipokwisha wengine wakaingia sokoni. LEGO ikakimbilia mahakamani, safari hii ikidai kwamba umbo la vinundu ni alama yake ya biashara. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa, katika kesi dhidi ya watengenezaji wa Mega Bloks: kinundu kinafanya kazi, kwa hiyo hakiwezi kufungiwa na mtu mmoja milele kwa jina la alama. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema vivyo hivyo. Kilichobaki mikononi mwa LEGO ni vitu kama mtu mdogo wa plastiki wa kwenye seti zake, ambaye umbo lake lililindwa na mahakama ya Ulaya mwaka 2015, na bila shaka jina, picha na maboksi. Waliovuka mstari huo walikiona. Genge la Lepin nchini China, lililonakili seti nzima nzima, lilivamiwa na polisi wa Shanghai mwaka 2019, na mwaka uliofuata kinara wake akafungwa miaka 6 na kutozwa faini ya yuan milioni 90.

Upanga wetu je? LEGO wenyewe waliingia Zelda kwa makubaliano na Nintendo, wakatoa mwaka 2024 seti ya mti mkuu wa hadithi hiyo yenye vipande 2,500. Kwa hiyo kama boksi la Luvungi lina kosa, mwenye haki ya kulalamika kwa umbo la upanga ni Nintendo wa Kyoto. Tofali halimo kwenye mashtaka.

Wala silaha ya kutazamwa tu, kama upanga huu, si desturi ya kuletewa. Huko Kasai, nchini humuhumu, Wakuba husimulia kwamba mfalme wao Shyaam a-Mbul a Ngoong, wa karne ya 17, alipiga marufuku kisu cha kurusha, na watu wakavaa ikul, kisu cha heshima. Zipo ikul za chuma, na zipo za mbao tupu zisizoweza kukata hata muhogo, zenye nakshi mpaka kwenye ubapa. Sanamu ya Shyaam iliyopelekwa London na Emil Torday mwaka 1909 imo British Museum: mfalme amekaa, mkono wa kushoto umeshika ikul, mbele yake bao la kete.

Mjenzi wa upanga wa plastiki ana shida ambazo mchonga ikul hakuzijua. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, basi ubapa wa sentimita 80 ni vinundu 100, na wote unaning'inia kwenye mpini. Kama kwenye ukuta wa nyumba, kiungo kisikae juu ya kiungo. Kibao chembamba kina unene wa milimita 3.2, vitano vikipangwa hutoa 16, sawasawa na upana wa vinundu viwili, ndiyo maana vipande vinaweza kulazwa ubavu na ubapa ukawa laini pande zote. Vipande vya viwanda vidogo havibani kwa nguvu moja: vinavyobana sana viwekwe karibu na mpini, vilivyolegea viende nchani. Stendi ishike upanga mahali pawili, mbali na dirisha, maana jua la Ruzizi hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya manjano. Na kipande kikikosekana boksini, kama inavyotokea, kitafutwe kwenye boksi la kiwanda kingine; nafasi ya vinundu ni ileile.