Malenga Wasiotia Jina wa Ziwa Mweru

Msafiri atokaye Kashikishi, nchini Zambia, kushika njia ya kusini, akiiacha nyuma mitumbwi ya wavuvi na mchanga ambao juu yake huanikwa dagaa wa hapa waitwao chisense, na Ziwa Mweru likiwa mkono wake wa kuume, hatimaye hufika Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki, ambaye wahenga wake walitoka Kongo kwa Mwata Yamvo wakaja kuitamalaki nchi ya Luapula katika karne ya 18. Katika baraza ile ndimo ulimolelewa ushairi wa nchi hii, na kwa kuwa haukutiwa wino ila juzi tu, wengi wetu tuliolelewa na tenzi za pwani tumeghafilika nao kana kwamba haukuwapo.

Ushairi wenyewe ni wa sifa. Kila Mwata ana majina yake ya kusifiwa na beti zake, na ajabu ni kwamba beti hizo husemwa kwa lugha ya Kiluba cha kale, ilhali raia wa bonde zima husema Kibemba. Basi aghalabu wasikilizaji huipokea haiba ya sauti kabla ya maana. Tena sifa hizo hazitoki kinywani peke yake. Iko ngoma iitwayo mondo, gogo lililotobolewa ndani na kuachwa ufa juu, ambalo mpigaji huligonga kwa sauti nene na nyembamba hata likayatamka majina ya mfalme, na ajuaye huyasikia kwa mbali.

Wala si upambe mtupu. Kisa cha Nachituti kinatosha kuwa ushahidi. Nachituti alikuwa dada wa Nkuba, mkuu wa Washila, ambao ndio wavuvi wenyeji wa ziwa hili. Nkuba akamwua mwana wa dada yake, na mama yule, kwa uchungu usio na tiba, akaenda kwa Kazembe kutaka kisasi. Nkuba alipokwisha kuuawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe kapu la udongo na chombo cha maji, kwa maana ya nchi na ziwa pamoja. Kila kisa hiki kisimuliwapo barazani, ni hati ya milki inayosomwa upya, na Washila wasikiapo hujua wazi ni nani anayesemwa kuwa mwenye maji wanayotupia nyavu.

Aliyeyatia haya kitabuni alikuwa mfalme mwenyewe. Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, aliyetawala tangu 1941 hata 1950, aliikusanya tarikhi ya ukoo wake kwa msaada wa Padre Edouard Labrecque, na kitabu hicho cha Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kikachapishwa 1951, naye amekwisha kufariki. Ian Cunnison akakitoa kwa Kiingereza 1961. Mwaka uliofuata Jacques Chileya Chiwale, chini ya Taasisi ya Rhodes-Livingstone, alitoa sifa zenyewe pamoja na fasiri na sababu ya kila jina. Kwangu mimi, Chiwale amewatendea Walunda yale ambayo Mwalimu Sikujua aliitendea Mombasa alipoziokoa tungo za Muyaka bin Haji zisipotee na wazee waliozihifadhi.

Lakini hapa njia zinaachana. Muyaka tunamjua kwa jina, na Mwana Kupona hakuufunga utenzi wake wa 1858 pasipo kujitaja. Malenga wa Kazembe, kinyume chake, hakuweka kaditama ya nafsi yake, na lililosalia ni jina la msifiwa. Mwishoni mwa Julai, Mwata achezapo Mutomboko kwa upanga na shoka mbele ya umati, wageni humtazama yeye, na ni wachache wanaouliza ni nani aliyetunga kinachopigwa kwenye mondo.

Aliyeuliza ni Mwesa Mapoma, mwanazuoni wa muziki wa Zambia, ambaye katika tasnifu zake mbili za Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ya pili ikiwa ya 1980, aliwachunguza ing'omba, yaani waimbaji wa watemi wa Luapula, kama mafundi wenye kazi yao. Mwenye haja ya kumjua msifu badala ya msifiwa na aanzie hapo.