Jimbo Lililotangulia Taifa Lake

Mwaka 2001 serikali ya Marekani iliikataa Itifaki ya Kyoto, iliyokusudiwa kupunguza gesi zinazoongeza joto la dunia. Jimbo la California halikungoja. Mwaka 2006 Gavana Arnold Schwarzenegger alitia sahihi sheria iliyoagiza kwamba ifikapo 2020 gesi hizo zirudi katika kiasi cha mwaka 1990. Mwaka 2010, watu wengi walipokosa kazi, baadhi ya makampuni ya mafuta yalitoa fedha ili sheria isimamishwe. Raia walipiga kura, wakakataa. Kiasi kilichoagizwa kilifikiwa mwaka 2016, miaka minne kabla ya wakati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; raia hao waliinama, wala dhiki hawakuifanya udhuru.