Vyeti Vilivyobaki Ng'ambo ya Mpaka

Shule ya Ntare, Mbarara, ilikuwa na miaka mitatu tu tangu kufunguliwa pale Watutsi wa Rwanda walipoanza kukimbilia Uganda mwaka 1959. Baadhi yao walipelekwa Nakivale, kando ya ziwa la jina hilohilo, ambako serikali ilitambua rasmi makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Wengi wa kizazi kile walifika wakiwa wadogo au walizaliwa ukimbizini, wakasomea hukohuko Uganda. Paul Kagame, mtoto wa wakimbizi aliyekuja kuwa Rais wa Rwanda, alisoma Ntare miaka ya 1970. Mwajiri aliyetaka kuthibitisha matokeo ya kijana wa namna hiyo hakuhitaji kuuliza ng'ambo ya mpaka.

Wasiwasi wao ulikuwa juu ya asili. Wapo waliojitambulisha kuwa Wanyankole, wenyeji wa Mbarara, ili wapate kazi kwa amani. Oktoba 1982, wakati wa utawala wa Rais Obote, viongozi wa wilaya ya Mbarara na vijana wa chama chake cha UPC waliwafukuza maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda. Wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine wakasukumwa Nakivale. Siku hizo aliyeulizwa babu yake alizaliwa wapi hakuokolewa na cheti chochote.

Miaka ya 1990 swali liligeuka kutoka asili kuwa vyeti. Nakivale ilianza kupokea Wasomali, Wanyarwanda wa baada ya 1994, Wakongo na Warundi, wakiwamo watu wazima waliokwisha kuhitimu. Dola ya Somalia ilianguka mwaka 1991. Wizara ya elimu ya kumjibia mwajiri barua haikuwapo tena. Kongo dola ipo, lakini mwalimu wa Kivu, mashariki mwa nchi hiyo, aliyekimbia risasi hakupata nafasi ya kuchagua karatasi za kubeba.

Kwa maandishi, sheria inamjali mtu huyo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1976, unazitaka nchi zimsaidie mkimbizi kupata hati ambazo kwa kawaida angeziomba kwao. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa haki ya kufanya kazi, na inagusa hata utambuzi wa vyeti vya kigeni. Ila katika vyeti inamweka sawa na wageni wengine, na hapo ndipo ilipokosea. Mgeni wa kawaida hupiga simu nyumbani akatumiwa nakala. Mkimbizi aliondoka kwa sababu ya hao wanaotakiwa kuipokea simu.

Kwa hiyo safari huwa ndefu. Cheti cha Kifaransa hutafsiriwa kwanza. Cha sekondari hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB; cha chuo huenda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Ofisi zote mbili ziko Kampala, mbali na Nakivale na hata na Mbarara. Diploma ya Kongo huandikwa kwa asilimia, na mwombaji anayejivunia 60 kwao hulazimika kumweleza maana yake mtu aliyezoea alama za A hadi E. Halafu kuna majina: Mkongo mwenye majina matatu akiandikishwa kwa mawili tu, hati yake ya ukimbizi na diploma yake huonekana kama za watu tofauti.

Mwajiri akitaka pia ushahidi wa tabia, Uganda ina desturi yake. Mabaraza ya vijiji yaliyoanzia katika vita vya msituni vya Rais Museveni yakawa mabaraza ya mitaa, LC, na barua ya mwenyekiti wa LC1 huombwa hadi leo katika mambo mengi, kazi ikiwamo. Nakivale ina mfano wake, mabaraza ya wakimbizi yaitwayo RWC. Mwenyekiti humfahamu mtu tangu alipofika. Ya kabla ya hapo hana namna ya kuyashuhudia.

Mafundi wamepata mwanya. Idara ya Mafunzo ya Viwandani, DIT, ilimpima fundi kwa kazi ya mikono yake: cherehani, uashi, ukinyozi. Akifaulu alipewa hati ya Uganda bila kuulizwa alisomea wapi. Muuguzi hana mwanya wa namna hiyo, kwa kuwa baraza la wauguzi halimsajili mtu bila rekodi za chuo chake. Naye mwalimu wa Kivu asiyesajiliwa huishia kuwa msaidizi darasani, akitafsiri somo ambalo angeweza kulifundisha mwenyewe.