Mto Nairobi: Matembezi ya Ukingoni

Mashua hazipiti hapa. Mto huu hufuatwa kwa miguu, tena polepole. Maji yake hutoka kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, yakavuka katikati ya jiji na kuingia Gikomba, sokoni penye mitumba, mbao na samaki. Angalia ukingoni: migomba, nduma na sukumawiki vimestawi kando ya maji meusi yenye povu. Inauma kuona maji yamechafuka hivi, kwa kuwa mto huu ndio ulioipa Nairobi jina.

Korogocho ndipo pa kupumzikia. Vijana wa kikundi cha Komb Green Solutions walizoa taka kwa mikono yao, wakapanda miti, na jaa likawa bustani ya watu wote.

Tafadhali usitupe taka mtoni. Kupitia mito ya Athi na Sabaki, maji haya huishia Bahari ya Hindi, karibu na Malindi.