Siskel na Ebert
Gene Siskel (1946–1999) wa Chicago Tribune na Roger Ebert (1942–2013) wa Chicago Sun-Times walikuwa wahakiki wa filamu wa Marekani, walioanza kubishana kwenye televisheni ya Chicago mwaka 1975. Wanaowakumbuka kwa hamu huambiwa wanalilia ujana wao tu. Hoja hiyo haitoshi: kinachokosekana ni ubishi wa wajuzi wawili, kila mmoja akilazimika kuitetea kauli yake papo hapo. Ni kweli, dole gumba juu au chini, ishara yao ya kuisifu au kuikataa filamu, ni kipimo finyu, hasa kwa filamu za vichekesho, ambazo nyingine huchelewa kuiva. Lakini hukumu haikuwa ya mwisho: Ebert aliipa filamu ya vichekesho Groundhog Day (1993) nyota tatu, na mwaka 2005 akakiri kuwa aliipunja.