Mwanamume mwenye nguvu anaweza kukosa mbegu

Bukoba na Muleba, ndoa ikipita mwaka au miwili bila mimba, mke ndiye hutangulizwa hospitali. Mume akiulizwa, hujibu kwamba yeye yuko sawa: ndevu anazo, hamu anayo, kitandani hana tatizo. Jibu hilo halitoshi, na sababu yake ni hii.

Korodani zina kazi mbili. Ndani ya vijibomba vyembamba hutengenezwa mbegu za kiume. Kandokando ya vijibomba hivyo zipo seli zinazotoa testosteroni, homoni inayoleta ndevu, sauti nzito, misuli na hamu. Vijibomba ndivyo huharibika upesi zaidi: kwa matubwitubwi yaliyoshukia korodani baada ya kubalehe, kwa korodani ambazo hazikushuka utotoni, au kwa mishipa ya damu iliyovimba juu yake. Kwa hiyo mbegu zinaweza kupungua, hata kwisha, huku testosteroni ikitosha. Manii nayo hutoka kama kawaida, kwa kuwa majimaji yake mengi hayatoki kwenye korodani. Kwa macho hutambui kitu. Uharibifu ukizidi, testosteroni nayo huweza kushuka, na mtu akaanza kuchoka na kupoteza hamu.

Wengi hukosea hapa. Mtu hujiambia, basi nichome sindano ya testosteroni. Hapana! Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ndiyo huzipa korodani amri ya kufanya kazi. Ikikuta testosteroni imejaa kwenye damu hunyamaza, mbegu hupungua na korodani husinyaa. Wanasayansi wamewahi hata kuzijaribu sindano hizo kama uzazi wa mpango wa wanaume. Ukiziacha, mbegu mara nyingi hurudi, lakini baada ya miezi.

Nendeni wote wawili. Kipimo cha kwanza cha mume ni cha manii, baada ya siku 2 hadi 7 bila kujamiiana. Shirika la Afya Duniani huweka kiwango cha chini kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa: mbegu huchukua karibu miezi 3 kukomaa, na homa kali ya malaria inaweza kuzishusha. Homoni hupimwa baadaye, daktari akiona haja.

Sampuli usiisafirishe kwa basi kutoka Kamachumu hadi Bukoba mjini. Itoe hapohapo hospitali, au ifike maabara ndani ya saa moja.