Madume Walioshibana

Katika miongozo ya Kiingereza ya ufugaji wa simbilisi kuna istilahi moja inayojirudia karibu kila ukurasa. Inawataja madume wawili waliokwisha kuelewana, wanaokula na kulala pamoja bila ugomvi, na ambao mfugaji anaonywa asiwatenganishe hovyo. Neno linalotumika huko, bond, ni lilelile la gundi, na ndilo lilelile la dhamana za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu ya Tanzania. Kiswahili cha fedha kilikwisha kulipatia jina: hatifungani. Basi mfasiri mwenye haraka hukichukua kitenzi kilichomo humo, akaandika "jozi iliyofungamana", na kwake kazi imekwisha.

Sarufi yake haina kasoro. Lakini Mswahili akisikia kufungamana anasikia mkataba na siasa. Tangu tulipoanza kuzungumzia nchi zisizofungamana na upande wowote, kitenzi hicho kilihamia huko na hakijarudi mifugoni. Wengine huandika "jozi ya marafiki", ambayo ni tamu lakini haimwambii mfugaji lolote la kufanya. Wengine "waliozoeana", na hilo ndilo linalokaribia kuwa sahihi, kwa hiyo ndilo linaloweza kupotosha zaidi. Nitalirudia.

Mimi nasema tuseme wameshibana. Neno lipo vinywani mwa watu wote, kuanzia wazee mpaka vijana wa bodaboda: marafiki walioshibana ni wale ambao ukimwona mmoja unauliza mwenzake yuko wapi. Halihitaji kuelezwa wala kuzinduliwa na kamati. Na lina mambo mawili ambayo fundi wa istilahi angeyatafuta kwa taa. Kwanza, kushiba huja baada ya muda. Hakuna anayeketi mezani akiwa ameshiba kwa chakula kile kile anachokwenda kula. Pili, aliyeshiba hana nafasi iliyobaki. Ukimwekea sahani nyingine, huenda akaisukuma.

Swali hili lilinijia kwa simu kutoka Kighare, juu Usangi katika milima ya Upare, ambako mpwa wangu anafuga na kuandika maendeleo ya wanyama wake kwenye daftari.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wanyama hawajambo?"

"Hawajambo. Wale madume wawili wanaelewana mno, nataka kuwaongezea wenzao watatu. Sasa kwenye daftari niandike hao wawili ni nini?"

Nilimwambia aandike wameshibana, kisha asiongeze hata mmoja mpaka tuongee. Tuliongea jioni ile, na mengi yaliyomo humu ni yale tuliyoyazungumza.

Kwanza tumtambue mnyama mwenyewe, maana majina yake yamechanganyika. Simbilisi ndilo jina ninalolitumia. Wengi humwita pimbi, na katika milima hiyo ya Upare hilo linaleta utata wa kweli, kwa sababu pimbi mwenyewe yupo. Ni pimbi wa mitini, anayeishi katika misitu ya juu na kupiga makelele usiku, na kwa ukoo yuko karibu na tembo kuliko panya. Simbilisi hana undugu naye. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, ambako watu wa Peru na Bolivia ya leo walimfuga kwa nyama maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajafika na kumpeleka Ulaya katika karne ya 16. Kivu Kusini, mashariki ya Kongo, anaitwa dende, na huko amezisaidia familia nyingi kupata kitoweo miaka ya vita, kwa kuwa ni mdogo na ni rahisi kumficha asiporwe.

Kwetu milimani simbilisi ni mnyama wa jikoni. Kuna joto la mafiga, na baridi ya Usangi mwezi wa saba si ya mchezo. Anazunguka chini akiokota maganda ya ndizi, majani ya viazi vitamu na nyasi zilizokatwa kwenye kingo za matuta. Hilo la majani mabichi lina uzito, kwa sababu mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Ni kwa ajili hiyo Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwei waliweza mwaka 1907 kuuonyesha ugonjwa wa kiseyeye kwa kuwalisha simbilisi nafaka tupu. Mfugaji anayempa pumba pekee anarudia jaribio lao bila kujua.

Sasa turudi kwenye kuzoeana na kushibana. Tofauti yake si ya washairi. Inapimika katika damu.

Mtafiti wa Ujerumani Norbert Sachser na wenzake walitumia miaka mingi kuchunguza maisha ya kijamii ya simbilisi. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1998, dume alihamishiwa kwenye kizimba kigeni, jambo linalompandishia kortisoli, yaani homoni ya mfadhaiko. Kisha wakaangalia inakuwaje akiwa na mwenzake. Jike mgeni hakumsaidia. Jike aliyemfahamu tu, aliyewahi kukaa naye kundi moja, naye hakumsaidia. Ni yule waliyeshibana naye pekee ambaye uwepo wake uliizuia homoni isipande sana. Jaribio hilo lilihusu dume na jike, na sitalivisha madume wawili nguo isiyo yao. Lakini kwa mtunga istilahi limeweka mpaka ulio wazi: mgeni, aliyezoeleka, aliyeshibana naye. Ni ngazi tatu. Kiswahili kina maneno matatu tayari, na mwongozo unaotumia "waliozoeana" kwa ngazi ya tatu umeifuta ngazi nzima.

Kwa hiyo ninagawa hivi. Kuzoesha ni kazi ya mfugaji: kuwaweka wanyama waonane, wanusane, wakae pamoja kidogo kidogo. Kuzoeana ni wanachofanya wao wakati huo. Kushibana ni hali wanayoweza kuifikia, au wasiifikie. Madume wawili wanaweza kuzoeana kwa miezi, kila mmoja kona yake, wakivumiliana tu. Hao hawajashibana, na daftari lisiwapambe.

Utawajuaje walioshibana? Kaa nao asubuhi wakati wa kulishwa. Tupa ganda moja la ndizi katikati. Mmoja atashika ncha hii, mwingine ncha ile, watatafuna kuelekea katikati, na yule mkubwa kwa hadhi atalivuta mwishoni bila mwenzake kupiga kelele. Ndiyo, mkubwa yupo. Kushibana hakumaanishi usawa. Mmoja hunguruma, hutembea akitikisa kiuno, humfukuza mwenzake kutoka kwenye kibanda kisha akaingia yeye, na mwenzake hupisha. Suala la ukubwa likishaamuliwa na pande zote mbili zikakubali, amani inakaa. Hapo ndipo penye fundo la habari yote: amani yao ni matokeo ya kesi iliyokwisha kusikilizwa. Kila mnyama unayemwongeza anafungua kesi upya.

Mpwa wangu alikuwa anafikiria majike. Hilo ndilo baya kuliko yote. Weka jike mmoja kati ya madume wawili, na hata waliozaliwa tumbo moja watapigana mpaka kumwaga damu. Harufu yake pekee inatosha kuwasha moto. Na kama hawakuuana, hesabu itakuelemea. Jike hubeba mimba kama siku 68, huzaa watoto wawili mpaka wanne kwa kawaida, na saa chache baada ya kuzaa yuko tayari kushika mimba nyingine. Vitoto huzaliwa na manyoya na macho yaliyofumbuka, na dume kati yao anaweza kupandisha akiwa na wiki tatu tu, dada zake na mama yake wakiwemo. Anayetaka uzazi apange banda la pili, dume mmoja na majike wake, mbali na pua za hao wawili.

Dume wa tatu je? Watatu ni idadi ngumu. Wawili huungana, mmoja akabaki wa kufukuzwa, hali vizuri, halali, anakonda. Wanne hugawanyika, na kugawanyika kwenyewe ni vita. Yapo makundi ya madume yanayokaa kwa utulivu, lakini yanadai eneo kubwa na wanyama waliolelewa vizuri. Hapa tena kazi ya Sachser inasaidia: dume aliyekulia ndani ya kundi lenye madume wakubwa hujifunza, anapobalehe, kupisha na kujiepusha; aliyelelewa peke yake, au na jike mmoja tu, hana adabu hiyo na akikutanishwa na dume mgeni hupigana vikali. Kwa hiyo ukimnunua dume, muulize muuzaji alikua na nani. Bei yake na rangi yake ni habari ndogo kuliko hiyo.

Linaloweza kufanikiwa kuliko mengine ni dume mdogo aliyetoka kuachishwa maziwa, kwa kuwa huwapisha wakubwa bila kubisha. Hata hivyo, amani hiyo huwekwa kwenye mtihani anapobalehe, na kipindi cha vurugu kinaweza kuendelea mpaka apite umri wa mwaka mmoja. Ushauri wangu kwa mwenye jozi iliyoshibana ni kuiacha. Akitaka wanyama zaidi, alete jozi nyingine, aijengee chumba chake, na wavu uwe kati yao.

Kuna anayelazimika, kwa mfano jirani amehama akaacha dume wake mmoja. Huyo mgeni akae karantini wiki mbili au tatu, mbali na wenyeji, achunguzwe ukurutu, upele na makamasi. Asiwekwe na sungura hata kwa siku moja, ingawa mabanda mengi hapa kwetu yanawachanganya. Sungura hubeba bakteria wa mapafu wasiomsumbua yeye lakini wanaoweza kumwua simbilisi. Baada ya hapo, wakutanishwe katika uwanja mgeni. Hiyo nayo ni istilahi ninayoitetea: mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukojoa wala kulala, pawe papana, pawe na majani mengi, na vibanda vyenye milango miwili ili anayefukuzwa asikwame ndani. Vyombo vya maji na chakula vizidi idadi ya wanyama.

Kunguruma, kupandana na kufukuzana ni kugombea ukubwa; waache. Meno yakigongana kwa sauti, manyoya ya shingo yakasimama, wakapiga miayo kuonyesha meno na kuzungukana, hapo shika taulo nene mkononi. Wakirukiana na kuviringika kama mpira mmoja, watenganishe kwa taulo au kipande cha mbao, kamwe si kwa mkono mtupu. Damu ikitoka, zoezi limekwisha, na si kwa siku hiyo tu.

Mwezi mzima unaofuata, mizani ndiyo itakayosema ukweli. Wapime kila baada ya siku chache, asubuhi, kabla ya kula. Simbilisi huficha maumivu, na anayenyimwa chakula hupungua gramu kabla hajaonyesha unyonge wowote. Daftari la mpwa wangu lina safu ya uzito, na nilimshauri aongeze safu moja kando yake, ya hali: wageni, wanazoeana, wameshibana.

Safu hiyo inaweza pia kurudi nyuma. Wenyeji wawili waliopigana kwa sababu ya mgeni, wakatenganishwa wiki moja au mbili kila mmoja chumba chake, hawarudishwi banda moja usiku kwa kudhani watakumbukana. Harufu zimebadilika na ukubwa haujulikani tena. Wanapelekwa uwanja mgeni kama wanyama wasiojuana, na daftarini mfugaji anaandika tarehe, na mbele yake: wanazoeana.